Fahamu: Jinsi kukandwa kunavyosaidia maumivu na viungo vilivyokakamaa

Katika vijiji vingi vya Kitui na Makueni, mtungi wa maji wa lita 20 hubebwa mgongoni kwa mkanda uliopitishwa kichwani. Ni kilo 20 za maji, na kiangazi njia ya kisimani hurefuka. Shingo na kiuno ndivyo vinavyoumia, na wengi hukimbilia kwa wakandaji wa jadi wanaoaminiwa Ukambani tangu zamani.

Je, kukandwa kunasaidia?

Ndiyo, kwa kiasi. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji. Ukandaji umo miongoni mwa tiba zilizopendekezwa, sambamba na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mikono yenye ujuzi hulegeza misuli iliyokaza na kutuliza maumivu, hivyo mgonjwa huinama na kugeuka kwa urahisi zaidi.

Nafuu hiyo mara nyingi ni ya muda. Mazoezi ndiyo huidumisha.

Nani asikandwe?

Aliyevunjika mfupa, mwenye homa, au ambaye mguu mmoja umevimba ghafla. Huenda damu imeganda mshipani, na kuusugua mguu huo kunaweza kulisukuma donge hadi mapafuni. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukishindwa kuzuilika, hiyo ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Mbali na wakandaji wa jadi, kuna wataalamu wa fiziotherapia, ambao nchini Kenya husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2014. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa.