Kushusha Motokaa: Springi Ipi Yafaa kwa Gari la Kila Siku?

Motokaa iliyoshushwa karibu na barabara huwapendeza vijana wengi. Huonekana imetulia, nayo huonekana tayari kwenda mbio hata ikiwa imesimama. Lakini motokaa hiyo hiyo ndiyo impelekayo baba kazini Jumatatu, ndiyo impelekayo mama sokoni Jumamosi, na siku ya kufungua shule ndiyo ituletayo hapa pamoja na masanduku na magodoro yetu. Basi kabla kijana hajamshauri mzazi wake anunue springi fupi, yampasa ajue springi hufanya kazi gani, tena ajue kupiga hesabu yake. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aweza kuimaliza kwa penseli na karatasi.

Kazi ya springi

Mwaka 1678 mtaalamu wa Uingereza, Robert Hooke, alichapisha kanuni ambayo sote twaisoma katika fizikia: springi hubonyea kadiri ya mzigo iliyopewa. Ukizidisha mzigo mara mbili, nayo hubonyea mara mbili. Ugumu wa springi hupimwa kwa kani inayotakiwa ili ibonyee milimita moja. Springi ya nyutoni 16 kwa milimita ni laini. Ya nyutoni 25 kwa milimita ni ngumu zaidi.

Natuchukue mfano wa motokaa ndogo ya watu watano. Tuseme kila gurudumu la nyuma limebeba kilo 250 za bodi, yaani nyutoni 2500 hivi, na springi imesimama karibu na gurudumu hata vyote viwili husogea sawasawa. Tarakimu hizi zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi, lakini haziko mbali na motokaa za kweli. Springi ya asili iwe ya nyutoni 16 kwa milimita. Gari likisimama bila abiria wa nyuma, springi hiyo imekwisha kubonyea milimita 156.

Juu ya springi, au ndani yake, kuna kipande cha mpira kizuiacho chuma kisigonge chuma. Nafasi iliyopo kabla ya kuufikia mpira huo ndiyo akiba ya motokaa. Katika mfano wetu akiba hiyo ni milimita 80. Kila shimo, kila tuta na kila abiria hula sehemu ya akiba. Ikiisha, springi haifanyi kazi tena. Pigo lote hupita katika mpira na kuingia katika bodi, katika vyuma vya magurudumu, na katika migongo ya abiria.

Hesabu ya siku ya kufungua shule

Sasa natupakie motokaa yetu. Nyuma wamekaa wanafunzi watatu, na katika buti mna sanduku na godoro. Tuseme mzigo huo umeongeza kilo 100 juu ya kila gurudumu la nyuma, yaani nyutoni 1000. Springi ya asili itashuka milimita 62 na nusu. Toa katika 80, yabaki milimita 17 na nusu. Si nyingi, lakini zipo, na gari litafika.

Kijana atakapo kushusha motokaa milimita 40 anakula nusu ya akiba kabla hajapakia kitu. Akinunua springi ya nyutoni 20 kwa milimita, mzigo ule ule utataka milimita 50, naye anazo 40 tu. Motokaa itakuwa imekalia mpira tangu nyumbani, hata kabla ya kukutana na tuta la kwanza. Akinunua ya nyutoni 25, mzigo utataka milimita 40 kamili; akiba ni sifuri.

Lakini akishusha milimita 20 tu, hesabu yabadilika. Akiba ni 60. Springi ya nyutoni 20 itashuka 50, zibaki 10, haitoshi. Springi ya nyutoni 25 itashuka 40, zibaki 20, na hizo zazidi hata zile za springi ya asili. Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la makala hii: kila milimita unayoshusha hapana budi uilipie kwa ugumu. Springi fupi isiyokuwa ngumu zaidi ni hasara tupu.

Je, mtu akitaka kushusha milimita 30 na bado abaki na akiba ile ya asili? Apige hesabu: akiba ni 50, za kubaki ni 17 na nusu, hivyo mzigo usishushe zaidi ya 32 na nusu. Springi inayotakiwa ni karibu nyutoni 31 kwa milimita, yaani karibu mara mbili ya ile ya asili. Motokaa itabeba mzigo, lakini ugumu huo una bei yake.

Bei ya ugumu

Motokaa iliyo juu ya springi hupanda na kushuka kwa mwendo wake maalum. Mwendo huo hupatikana kwa kugawanya ugumu kwa kilo, kutafuta kipeuo cha pili, kisha kugawanya kwa mara mbili ya pai. Kwa springi ya nyutoni 16 (yaani nyutoni 16,000 kwa mita) na kilo 250, twapata mara 1.27 kwa sekunde, au kama mara 76 kwa dakika. Kwa springi ya nyutoni 25 twapata kama mara 95 kwa dakika. Kwa ile ya nyutoni 31, kama mara 106.

Motokaa za kawaida za abiria hutengenezwa zipande na kushuka kati ya mara 60 na 90 kwa dakika, maana mwili wa mtu huuvumilia mwendo huo. Mara 95 hivi dereva atahisi kila ufa wa barabara, ila atazoea. Zaidi ya mara 100, safari ya saa tatu katika barabara ya changarawe itamchosha mzee na mtoto. Kwa sababu hiyo, kwa motokaa kama hii ya mfano wetu, kushusha milimita 20 au 25 ndio mpaka wa busara. Wauzaji huonyesha pia springi za milimita 40, 50 na zaidi. Hizo zina watu wake, wale wenye gari la pili na barabara laini.

Huenda mtu akasema kwamba gari likiwa chini hushika barabara vizuri zaidi katika kona. Ni kweli, lakini tupime. Kitovu cha uzito cha motokaa ndogo kiko kama nusu mita juu ya barabara. Kukishusha milimita 20 ni kukipunguza kwa asilimia 4 tu. Sehemu kubwa ya utulivu anaousikia dereva katika kona yatokana na ugumu wa springi, wala si ufupi wake.

Shokomzoba na urefu wa springi

Springi peke yake haijui kutulia. Ikibonyezwa huendelea kupanda na kushuka. Kinachoituliza ni shokomzoba, ambayo mafundi wengi huiita shokapu. Nguvu ya kutuliza inayotakiwa hufuata kipeuo cha pili cha ugumu. Kipeuo cha 16 ni 4, na cha 25 ni 5. Maana yake shokomzoba ya springi mpya yapasa iwe na nguvu zaidi kwa robo nzima. Aliyefunga springi mpya juu ya shokomzoba zilizochoka ataona gari likidundadunda baada ya kila tuta, na tairi inayodunda haishiki barabara wala haifungi breki.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Springi yetu ya nyutoni 25 hubonyea milimita 100 tu chini ya uzito wa gari, ambapo ile ya asili hubonyea 156. Ili gari lishuke milimita 20, springi mpya ikiwa haina mzigo hapana budi iwe fupi kwa milimita 76. Tuseme shokomzoba ya asili huruhusu gurudumu lining'inie milimita 100 chini ya kimo cha zamani, yaani 120 chini ya kimo kipya. Springi hufikia mwisho wake kwenye 100. Gurudumu likining'inia katika shimo kubwa, springi italegea kwa milimita 20 na yaweza kutoka mahali pake. Dawa ni shokomzoba fupi zaidi, au springi ambayo upande mmoja ina mizunguko iliyokaribiana. Mizunguko hiyo hulala yote gari likikaa chini, na huachana gurudumu likining'inia, ikaishika springi isicheze. Kipimo chake ni rahisi: fundi ainue gari kwa jeki mpaka gurudumu lining'inie, kisha aishike springi kwa mkono. Ikitikisika, haifai.

Usikate springi

Wako wanaosema, "Ya nini kununua? Mpe fundi msumeno akate mizunguko miwili." Fizikia yatuambia kuwa ugumu huongezeka kadiri mizunguko inavyopungua. Springi ya mizunguko 8 ikikatwa ibaki 6, ugumu wake huongezeka kwa theluthi moja. Hilo laonekana jema, lakini ncha iliyokatwa haikai tena sawa katika kikombe chake, nayo huweza kupotoka au kuchomoka. Tena akitumia moto wa gesi, joto huharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, na springi hiyo siku moja itakatika au italala.

Mtengenezaji wa kweli habahatishi. Anajua kwamba ugumu hufuata unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 10 ukiongezwa uwe 11, ugumu huongezeka kwa asilimia 46. Kwa sababu ya kanuni hiyo, springi mbili ambazo machoni zafanana zaweza kutofautiana sana kazini. Msumeno haujui hesabu hiyo.

Mambo ya kukagua baada ya kufunga

Katika motokaa nyingi ndogo magurudumu ya mbele yamefungwa kwa mtindo wa MacPherson, ambao ulionekana katika Ford Consul na Zephyr zilizoonyeshwa London mwaka 1950. Gari likishushwa, magurudumu hayo hubadili mlalo na mwelekeo wake. Basi alaimenti ipimwe upya, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Taa za mbele nazo zirekebishwe. Zaidi ya hayo, baadhi ya motokaa zina kifaa kinachopima kimo cha nyuma ili kujua mzigo na kugawa nguvu ya breki. Nyuma ikishushwa, kifaa hudhani gari limepakiwa, kikaongeza breki za nyuma. Na magurudumu ya nyuma yakikamatwa kabla ya yale ya mbele, gari huzunguka. Kifaa hicho hapana budi kipimwe upya.

Akumbuke pia sampu na ekzosi vilivyo chini ya gari. Kabla ya kununua, mwenye gari apakie mzigo wake wa kawaida, apime kwa rula nafasi iliyo kati ya sampu na ardhi, kisha aende akatazame tuta kubwa kuliko yote katika njia yake ya kila siku. Watu wa pwani waangalie zaidi kutu, maana hewa ya chumvi huingia palipobanduka rangi, na springi hukatika hapo.

Nchini Ujerumani springi za kushusha huuzwa pamoja na hati inayotaja aina ya motokaa na uzito ambao kila ekseli yaruhusiwa kubeba, na kwa kawaida mwenye gari hulipeleka kwa mkaguzi baada ya kuzifunga. Nasi tuidai hati kama hiyo kwa muuzaji. Springi isiyo na tarakimu zake, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani, iachwe dukani. Kampuni ya bima nayo iarifiwe juu ya badiliko hilo.

Onyo la mwisho ni kwa wanafunzi. Springi iliyobonyezwa ina nishati nyingi ndani yake. Ikifyatuka yaweza kuvunja mkono au kuua. Hutolewa kwa kifaa maalum cha kuibana na kwa mikono ya fundi anayeijua kazi. Kazi yetu sisi ni kumpa mzazi karatasi ya hesabu: mzigo, ugumu, akiba iliyobaki. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Akiba ikitosha kwa mzigo wa siku ya kufungua shule, na anunue. Isipotosha, springi za asili zibaki mahali pake.