Je, Wajua? Adui yuko wapi hasa

Kwenye Erangel, ramani ya mchezo wa PUBG Mobile yenye kilomita 8 kwa 8, timu huelekezana alipo adui kwa majina ya mahali: Pochinki, Georgopol, Shule. Dira iliyo juu ya skrini husaidia pia, lakini digrii zina mtego, kwani kila mchezaji huzisoma kutoka pale aliposimama. Chukua mfano wa Ziwa Victoria. Kwa aliye Muhuru Bay, kisiwa cha Migingo kiko kaskazini-magharibi. Kwa aliye Ugingo, kisiwa jirani kilicho umbali wa mita 200 hivi, Migingo ileile iko magharibi. Basi taja jina kwanza, kisha sehemu, kisha idadi: “Shule, juu ya paa, wawili!” Anza na majina machache ya mahali mnapopita kila mara, uyashike barabara, ndipo uongeze mengine.