Nani Atasoma Ubongo wa Mufanyakazi?

Katika mikutano yetu ya sendika hapa Katuba, malalamiko ya mapafu, mugongo na masikio tumeyazoea. Hayo yako na vipimo vyake. Lakini kuna mengine hatujui tuyapeleke wapi. Mwenye kuchomelea vyuma miaka mingi, mikono inaanza kutetemeka. Mwingine anasahau njia ya ku nyumba. Munganga anaandika "uchovu", na mambo yanaishia pale.

Moshi wa kuchomelea uko na manganezi. Tangu 1837, munganga James Couper wa Scotland aliandika juu ya wafanyakazi waliosaga manganezi, miguu yao ikaishiwa nguvu. Leo inajulikana kwamba manganezi inapitia mapafu, inafika ku ubongo na kukaa mule. Mashini ya IRM inaweza kuionyesha: pale ilipojaa, picha inang'aa. Na siye tuko na Kisenge, ku Lualaba, kwenye manganezi ilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji.

Lakini picha peke yake haitoshi. Picha ya IRM si kama ya telefone. Ni hesabu: ubongo unagawanywa vipande vidogo vidogo, kama sukari ya vipande, na kila kipande kinapewa namba. Kichwa kimoja kinaweza kutoa namba mamilioni. Jicho la munganga linaona uvimbe mukubwa. Haliwezi kuona kama ubongo wa wachomeleaji mia mbili unatofautiana kidogo na ule wa wauza mukate mia mbili. Pale njo inaombwa mutafiti anayejua kuandika programu, kusafisha picha ya mutu aliyetikisika ndani ya mashini, kulinganisha umri na umri, tena kuandika kila hatua ili mwingine arudilie hesabu na kupata jibu lile lile. Hii ya mwisho tunaipenda zaidi: bwana kazi akikana, hesabu inapigwa upya mbele yake.

Masomo ya namna hiyo yako. Ku Seattle, University of Washington inafanya Neurohackademy, lakini ni Kiingereza kitupu. CONNExIN, inayoongozwa na Udunna Anazodo wa McGill, ku Kanada, inafundisha Waafrika wenyewe. Tangu 2023 kuna pia shindano la BraTS-Africa, lenye picha za uvimbe wa ubongo za wagonjwa wa Afrika, juu programu zilizozoea picha za Ulaya na Marekani zinakosea mbele ya mashini zetu za nguvu kidogo. Hata ku Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wamepitisha watu wazima ku IRM kuchunguza ugonjwa wa kusahau.

Na Lubumbashi? Mwaka 2009, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake walitoa utafiti juu ya mukojo wa watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi sana. Utafiti ule ulitupa nguvu ya kusema. Picha ya ubongo ni faili: inaweza kusomwa palepale Kasapa, kama kuna mwenye kujua kuisoma.

Hatuombi kampuni zinunue IRM kesho. Kodi ya migodi ya 2018 inazilazimisha kutoa angalau 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Barabara na visima ni sawa, hatukatai. Ndani yake tunaomba pia vijana wachache wa UNILU wasomeshwe kazi hii kwa Kifaransa, wapewe kompyuta zenye nguvu na betri, maana SNEL tunaijua bote.

Tena faili zisikae ku kampuni. Picha inayoonyesha ugonjwa inaweza kufukuzisha mutu kazi mbele ya kumulipisha. Na kufuta jina hakutoshi: kutoka IRM ya kichwa, mwenye ujuzi anaweza kutengeneza sura ya mutu, pua na midomo. Kwa hiyo watafiti wanakata sura ku picha mbele ya kuihifadhi. Tunataka kazi hiyo ya kukata ifanyike UNILU, na mujumbe wa wafanyakazi awe pale.