Kabla ya kununua diski ya kasi, tazama kwanza aina yake

SYDNEY, Australia – Kila tarehe 26 Desemba maduka ya Sydney hupunguza bei na wanunuzi hufurika tangu asubuhi. Kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki waishio huko, huo ni wakati mzuri wa kutafuta kompyuta, au diski mpya ya kufufua laptopu ya zamani kabla ya kuituma kwa mdogo wao anayesoma Mombasa au Dar es Salaam. Kwenye maboksi wanakuta namba kubwa kubwa. Je, namba hizo huongeza kasi ya kazi za kila siku?

Mara nyingi, namba ya gigabiti hueleza kiolesura tu, yaani njia inayounganisha diski na kompyuta. Haielezi mwendo wa diski yenyewe. Barabara ikipanuliwa, mkokoteni hauendi mbio zaidi.

Njia ya SATA ilianza mwaka 2003 ikiwa na uwezo wa megabaiti 150 kwa sekunde. Baadaye ukafika 300, na mwaka 2009 ukafika 600. Lakini diski za kawaida zenye sahani zinazozunguka, hata za leo, hazifikishi megabaiti 300.

Tatizo kubwa zaidi ni kusubiri. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji takriban milisekunde 12 kulifikia faili moja, kwa hiyo kwa sekunde moja haifikii hata mafaili 100 yaliyotawanyika. Kompyuta inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo, na hapo ndipo mtumiaji huchoka kungoja.

Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Hulifikia faili kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Ndiyo maana laptopu ya zamani ikiwekewa SSD ya SATA, hata kwenye njia ya megabaiti 300, huwaka haraka na kufungua programu bila kusuasua.

Kutoka hapo kwenda SSD za NVMe, ambazo nyingine husoma megabaiti 7,000 kwa sekunde, tofauti huwa ndogo kwa anayeandika barua au kusoma habari. Faida yake huonekana kwa mhariri wa video na wengine wanaohamisha mafaili makubwa. Kurasa za intaneti, kwa upande wake, hutegemea zaidi mtandao.

Hata hivyo, wakati mwingine njia yenyewe ndiyo kikwazo. Kunakili gigabaiti 100 za picha kwa USB 2.0, inayopitisha takriban megabaiti 35 kwa sekunde, huchukua kama dakika 48. Diski ya nje inayosoma megabaiti 120, ikiunganishwa kwa USB 3.0, humaliza kwa dakika 14.

Kwa hiyo, mwenye fedha kidogo aanze kwa kuondoa diski inayozunguka na kuweka SSD. Kisha atazame kumbukumbu ya RAM, kwani ikiwa ndogo kompyuta itaendelea kukwama. Pia ahakikishe aina ya tundu: baadhi ya matundu ya M.2 hupokea SATA pekee, mengine NVMe pekee. Ni vyema kuijaribu kompyuta ingali Sydney. Kifaa kisichoingia kikishafika Mombasa, gharama ya kukirudisha dukani yaweza kuzidi bei yake.