Mimba ya Sara ilivyoitoa Lyon euro 82,000

WASIFU wake hauna utani. Sara Björk Gunnarsdóttir, kiungo wa Iceland, alitua Lyon ya Ufaransa mwaka 2020 akitokea Wolfsburg ya Ujerumani. Agosti mwaka huohuo Lyon ikaichapa Wolfsburg mabao 3-1 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa Wanawake, na bao la tatu akalitupia yeye, dhidi ya waajiri wake wa zamani.

Mwaka uliofuata akapata ujauzito. Akarudi kwao Iceland kwa ruhusa ya klabu kusubiri mtoto, aliyezaliwa Novemba 2021. Tarehe ya mshahara ikafika, na kilichoingia kwenye akaunti ni kiasi kidogo tu kutoka hifadhi ya jamii. Katika simulizi yake aliyoichapisha Januari 2023, Sara anadai aliambiwa kwamba akienda FIFA, hana chake tena Lyon.

Akaenda. FIFPRO, chama cha wachezaji duniani, kikasimama naye.

Lyon ilijitetea kwa sheria za Ufaransa. FIFA ikaangalia kitu kingine: klabu haikuonyesha kwamba ilijaribu kumpatia kazi mbadala wala kufuatilia hali yake. Mei 2022 ikaamriwa kumlipa euro 82,094.82 pamoja na riba ya asilimia tano. Huo si mkwanja wa kuitikisa klabu kubwa kama ile, lakini ndiyo ilikuwa kesi ya kwanza ya aina yake tangu kanuni za uzazi za FIFA zianze Januari 1, 2021.

Kanuni zenyewe zinasema hivi. Mchezaji anapata likizo isiyopungua wiki 14, angalau nane kati ya hizo baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara wa kwenye mkataba. Anayeamua ni lini aanze likizo ni yeye mwenyewe. Klabu ikimtema kwa sababu ya mimba, inamlipa salio la mkataba, inaongeza mishahara ya miezi sita, na inaweza kufungiwa kusajili wachezaji wa kike kwa madirisha mawili. Mwaka 2024 FIFA ikawaingiza makocha na wanaoasili watoto.

Sasa turudi Bongo, ambako soka la wanawake si bonanza tena. Simba Queens ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2022, na Twiga Stars ilikuwa Morocco kwenye WAFCON mwaka 2025. Kwa mabinti wengi hiyo ni ajira kama ajira nyingine.

Na sheria yetu ya ajira, ya mwaka 2004, haiko nyuma. Inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, anaruhusiwa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Tupige hesabu kidogo. Tuseme mchezaji analipwa Sh600,000 kwa mwezi. Siku 84 za mshahara kamili zinampa Sh1.68 milioni. Wiki 14 za FIFA, ambazo ni siku 98, kwa theluthi mbili hazimfikishi hata Sh1.31 milioni. Kwa siku FIFA inashinda, kwa fedha Bongo inashinda!

Lakini hesabu hiyo yote inategemea tarakimu moja iliyoandikwa kwenye karatasi. Sara alishinda kwa sababu mkataba ulikuwepo, mshahara ulitajwa, na miezi ambayo hakulipwa ilihesabika. Mchezaji anayepewa posho mkononi baada ya mechi, leo hiki kesho kile, atadai theluthi mbili ya nini? Kikao cha FIFA hakiwezi kukokotoa ahadi ya mdomo. Kwa mtazamo wangu, dada anayesaini msimu huu aanze na hilo kabla ya kuuliza habari za nyumba na viatu: mshahara uandikwe, nakala ya mkataba abaki nayo.

Viongozi nao wana hoja yao, na si ya kuipuuza. Timu ya wanawake haina kikosi kipana, akikosekana straika mmoja katikati ya msimu benchi la ufundi linahaha. Ila hili nalo lina jibu kanuni zilezile: klabu inaruhusiwa kusajili mbadala wa muda wa mchezaji aliye likizo ya uzazi hata dirisha likiwa limefungwa, na mama akiwa tayari kurudi, jina lake linasajiliwa upya bila kusubiri dirisha lifunguliwe.

Sara mwenyewe alirejea Lyon Januari 2022. Miezi michache baadaye mkataba ukaisha, akasaini Juventus.