Kuijenga Upya Injini ya Turbo kwa Fedha za Kiasi

Tangu yalipoanza mashindano ya magari ya Safari mwaka 1953, mapenzi ya gari lenye kasi yameota mizizi katika nyoyo za watu wa Kenya, wa bara na wa pwani. Na aliposhinda Björn Waldegård mwaka 1984 kwa Toyota Celica ya turbo, kisha Colin McRae mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, turbo ikawa tamanio la vijana wengi. Hata leo kisiwani Mombasa, kuanzia Kizingo hadi Makupa, Subaru na Mitsubishi za aina hiyo hazikosi kuonekana, aghalabu zimeteremshwa Kilindini baada ya kutumika Japani. Na kwa kuwa sheria haikubali kuingizwa gari lililopitisha umri wa miaka 8, zile za kale zinazopendwa zaidi haziletwi tena, na aliye nayo hana budi kuitunza.

Basi injini ya namna hiyo ikinoki, yaweza vipi kujengwa upya, tena iwe madhubuti kuliko ya kwanza, pasipo kumfilisi mwenyewe? Jawabu langu ni kwamba fedha kidogo hutosha, maadamu zitatangulizwa katika vipimo na usafi kabla ya kununuliwa vyuma vya fahari.

Turbo, ambayo asili yake ni uvumbuzi uliosajiliwa mwaka 1905 na Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, hutumia moshi utokao silindani kuzungusha feni ndogo, nayo kwa ufito mmoja ikazungusha feni ya pili ishindiliayo hewa ndani ya injini. Shinikizo likifika bar 1 juu ya lile la anga, silinda hupokea hewa inayokaribia maradufu, na petroli hufuata kwa kadiri hiyo. Wakazi wa kisiwa wazingatie kwamba hapa usawa wa bahari anga hulemea kwa kilopaskali 101 hivi, ilhali Nairobi, iliyo juu kwa meta 1,700 na zaidi, hupungukiwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo injini iliyorekebishwa huko ikateremka pwani, haifai kuachwa bila kukaguliwa. Fauka ya hayo, magari yaliyoundiwa soko la Japani yalikusudiwa petroli bora ya huko, yenye oktani zinazokaribia 100, kipimo ambacho petroli ya kawaida ya vituo vyetu haikifikii.

Mchanganyiko usiostahimili joto na shinikizo hujilipukia kabla moto wa plagi haujaufikia, na mapigo ya mlipuko huo ndiyo adui mkuu wa pistoni. Nyingi za kiwandani ni za aluminiamu ya kusubu iliyotiwa silikoni nyingi: hutanuka kidogo na hufanya kazi kimya, lakini kingo nyembamba zilizo baina ya ringi huvunjika zipigwapo. Pistoni za kufuliwa, zilizoshindiliwa kwa nguvu kubwa hata zikapata umbo, huvumilia zaidi. Nazo zina sharti lake, kwani aghalabu hutanuka sana zipatapo moto, hudai nafasi kubwa zaidi silindani, na alfajiri injini ikiwa baridi zaweza kugonga kidogo, jambo lisilopasa kumtia hofu mwenye gari.

Ikiwa fedha ni chache, krenki ya kiwandani, ikipimwa ikaonekana haina ufa wala haikupinda, hutosha kwa gari la barabarani. Fedha zielekezwe katika pistoni na konrodi za kufuliwa, beringi na pampu ya oili mpya, gasketi ya tabaka za chuma, na boliti imara za kukazia hedi; na silinda zisikerezwe mpaka pistoni ziwe mkononi mwa fundi, kwa kuwa kila pistoni hupimiwa tundu lake. Turbo kubwa ingoje, kwani nahodha hatweki tanga kubwa juu ya mlingoti asioukagua.

Ustadi wenyewe huonekana katika mambo madogo. Katika injini ya Subaru EJ20, yenye silinda za upana wa milimita 92, ringi ya juu huingizwa peke yake silindani, ikasukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha fundi akapitisha bati la kupimia katika mwanya wa ncha zake. Kwa turbo ya barabarani mwanya wa milimita 0.45 hivi hufaa. Ukizidi udogo, joto huzikutanisha ncha, ringi ikakaba, na pistoni ikapasuka. Beringi nazo hupimwa kwa kijiuzi laini cha plastiki chenye bei ndogo mno: hulazwa juu ya krenki iliyopanguswa, kifuniko kikakazwa kwa spana ya kipimo pasipo kuizungusha krenki, kisha kikafunguliwa, na upana wa uzi uliobanwa ukalinganishwa na alama za karatasi yake. Nafasi inayotafutwa hukaribia milimita 0.05, na humo ndimo oili hukaa ikizuia chuma kisisage chuma.

Beringi iliyonoki huacha chembe za chuma, nazo hujificha ndani ya kipozea oili, katika mabomba ya turbo, na katika kichujio kidogo kilichomo kwenye boliti ya bomba la oili ya turbo katika Subaru nyingi. Anayefunga injini mpya akarudisha kipozea cha zamani ili aokoe fedha, huzirudisha chembe zile zile kwenye beringi alizozilipia.

Kazi ikikamilika, oili ya kwanza ibadilishwe mapema na kichujio chake kikatwe kikaguliwe. Na dereva aliyeendesha kwa kasi, akifika kwenye foleni ya feri ya Likoni, aiache injini izunguke taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima, oili isije ikaungulia ndani ya turbo. Juu ya yote, kila mwenye gari adai kwa fundi wake karatasi yenye vipimo vya kila silinda, kila ringi na kila beringi, hata ikiwa gereji ni banda la mabati. Na fundi aiandike kwa fahari, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo shahada ya kazi yake, na atakayeifungua injini ile miaka ijayo atajua aanzie wapi.