CHUMA CHA KUVUTIA GARI: UIMARA WAKE NA WAJIBU WA MTENGENEZAJI

Katika Marekani na Kanada wapo watu wengi, hasa wastaafu, ambao husafiri kwa gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Gari la namna hiyo halifai kwendea sokoni wala kupita katika njia nyembamba za mji. Kwa sababu hiyo mwenyewe hufunga gari dogo nyuma yake, likavutwa kwa magurudumu yake yote manne mpaka mwisho wa safari. Kinachoyaunganisha magari hayo mawili ni chuma cha kuvutia.

Ingawa magari-nyumba si ya kawaida katika visiwa vyetu, suala hili linawahusu ndugu zetu wanaoishi na kuendesha magari katika nchi hizo. Vilevile lina mafunzo kwa kila mtu anayevuta tela la mashua au gari lililoharibika. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chuma hicho kinavyofanya kazi, sababu zinazokifanya kishindwe, na msaada ambao mnunuzi anastahili kuupata kutoka kwa aliyekitengeneza.

Muundo wake

Chuma cha kuvutia kina mikono miwili inayokutana mbele kama herufi A. Ncha ya mbele huingizwa katika tundu la mraba lililofungwa kwenye chesisi ya gari-nyumba na kuzuiwa kwa pini. Ncha mbili za nyuma hufungwa kwenye bamba la chuma lililokazwa kwa bolti katika chesisi ya gari dogo, nyuma ya bampa. Katika vyuma vingi vya siku hizi mikono hiyo hurefuka na kufupika ili kurahisisha ufungaji, kisha hujifunga yenyewe inapofikia urefu wake kamili.

Pamoja na chuma chenyewe huwapo minyororo au kamba mbili za waya wa chuma, ambazo hupishanishwa chini yake ili zilishikilie gari dogo iwapo chuma kitakatika. Huwapo pia waya za taa, breki za ziada za gari linalovutwa, na swichi ambayo hukamata breki hizo ikiwa magari yatatengana. Ni vyema ikaeleweka kwamba vifaa hivi vyote ni mfumo mmoja. Kiungo dhaifu kuliko vyote ndicho kipimo cha nguvu ya mfumo mzima.

Uzito na mzigo

Kila kiungo kina uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji amekiruhusu. Mtu aweza kununua chuma kilichopimwa kwa ratli 10,000, yaani takriban kilo 4,500, akadhani amejiwekea akiba kubwa ya usalama. Lakini ikiwa tundu la gari-nyumba lake limepimwa kwa ratli 5,000, basi hana ruhusa ya kuvuta zaidi ya kilo 2,270 hivi. Kipande cha kuteremsha au kupandisha kimo cha tundu nacho kina kipimo chake, na aghalabu watu husahau kukisoma.

Kuna pia uzito wa jumla wa magari yote mawili, ambao huwekwa na mtengenezaji wa gari-nyumba. Tuseme uzito huo ni ratli 26,000, na gari-nyumba likiwa na maji, mafuta, abiria na mizigo lina ratli 22,000. Kilichobakia ni ratli 4,000 tu, hata kama tundu limeandikwa 5,000. Kwa hiyo inapasa magari yapimwe kwenye mizani yakiwa yamepakiwa tayari kwa safari.

Umuhimu wa breki za ziada unaonekana kwa hesabu ndogo. Gari la kilo 1,600 lisilo na breki zake, linapovutwa na gari linalofunga breki kwa nusu ya nguvu ya uvutano wa dunia, hukisukuma chuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 800. Nguvu hiyo hupita katika pini, bolti na maungio yote, na hujirudia kila dereva anapokanyaga breki. Sheria za majimbo ya Marekani hutofautiana kuhusu uzito unaolazimisha breki hizo. Nchini Uingereza, gari linalovutwa kwa njia hii huhesabiwa na serikali kuwa ni tela, na tela linalozidi kilo 750 ni lazima liwe na breki.

Sababu za kushindwa

Si kawaida chuma kizima kukatika ghafla kwa mzigo mmoja bila ya sababu ya awali. Madini huchoka. Kila kuondoka na kila kusimama huacha athari ndogo, na ufa huanzia pembeni mwa tundu la bolti au penye uchomeleaji, ukakua polepole bila ya kuonekana. Pini inayocheza hutanua tundu lake, na tundu lililotanuka huongeza kishindo. Mchanga na matope huingia ndani ya mikono inayorefuka, yakala vishikizo mpaka visijifunge sawasawa. Kutu nayo hukamilisha kazi hiyo, hasa katika sehemu zenye hewa ya bahari au barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Makosa ya utumiaji nayo yana sehemu kubwa. La kwanza ni kurudi nyuma gari dogo likiwa limefungwa. Magurudumu yake ya mbele hujipinda yatakavyo, na mikono ya chuma hupindishwa kwa nguvu ambayo haikutengenezwa kuihimili. La pili ni kuacha chuma kikiinama mno. Watengenezaji huagiza kwamba tofauti ya kimo baina ya ncha ya mbele na zile za nyuma isizidi inchi 3 au 4. Chuma kikiinama zaidi ya hapo, gari dogo huweza kukipanda au kukidandia wakati wa kufunga breki. La tatu ni kuondoka bila ya kuhakikisha kwamba mikono yote miwili imejifunga. Dereva anatakiwa kwenda mbele taratibu kwa njia iliyonyooka, asimame, ateremke na kuitazama kwa macho yake.

Zaidi ya hayo, si kila gari huweza kuvutwa kwa magurudumu manne. Giaboksi nyingi za kujiendesha hupata mafuta pale tu injini inapokuwa inafanya kazi, hivyo gari likivutwa masafa marefu huungua ndani. Honda CR-V ilipendwa sana kwa matumizi haya hadi toleo la mwaka 2014, lakini kuanzia toleo la 2015, lililokuja na giaboksi ya aina nyingine, mtengenezaji hakuiruhusu tena. Neno la mwisho ni la kitabu cha gari lenyewe, na mwaka wa toleo usomwe kwa uangalifu.

Msaada wa mtengenezaji

Mnunuzi wengi huuliza bei na uzito, kisha wakaishia hapo. Suala la tatu, ambalo ndilo litakalomfaa mtu baada ya miaka mitano, ni hili: nani atakihudumia chuma hiki? Vyuma vyenye sehemu zinazojongea vinahitaji kusafishwa, kubadilishwa mipira, bolti na vishikizo, na mara nyingine kurejeshwa kiwandani kufanyiwa matengenezo kamili. Chuma imara ambacho vipuri vyake havipatikani huwa ni chuma cha muda tu.

Hivyo basi, kabla ya kulipa, mnunuzi aulize mambo yafuatayo:

1. Je, vipuri huuzwa kimoja kimoja, na kwa miaka mingapi baada ya aina hiyo kuacha kutengenezwa?

2. Je, lipo bamba lililotengenezwa mahsusi kwa aina na mwaka wa gari lake? Mabamba hayo hayabadilishani ovyo. Akichanganya chuma cha kampuni moja na bamba la nyingine, apate idhini ya maandishi.

3. Je, dhamana ni ya muda gani, inahusu uchakavu au kasoro za utengenezaji pekee, na je, humfuata mnunuzi wa pili? Dhamana nyingi humhusu mnunuzi wa kwanza tu.

4. Je, wako mafundi wanaoweza kukikagua njiani, au ni lazima kipelekwe kiwandani?

Nchini Marekani zipo sheria mbili zinazomlinda mnunuzi. Sheria ya dhamana ya mwaka 1975, ijulikanayo kama Magnuson-Moss, inamtaka anayetoa dhamana ya maandishi aeleze wazi masharti yake, na aseme kama dhamana hiyo ni kamili au ina mipaka. Sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966 inamlazimisha mtengenezaji anayegundua kasoro ya usalama kuiarifu serikali, kuwaarifu wenye mali, na kuondoa kasoro hiyo bila ya malipo. Kwa vifaa vya magari, haki ya kutolipa huendelea kwa muda wa miaka 15 tangu mnunuzi wa kwanza aliponunua.

Hata hivyo kuna jambo linalowapita watu wengi. Gari husajiliwa na serikali, kwa hiyo mwenyewe hutafutwa kwa urahisi. Chuma cha kuvutia hakisajiliwi hivyo. Mtu asiyerejesha kadi ya usajili kwa mtengenezaji, au aliyenunua chuma kilichotumika, huenda asipate kabisa barua ya kumwarifu kwamba chuma chake kina kasoro, na akaendelea kukivutia gari katika barabara yenye watoto wa wenziwe. Inasisitizwa kwamba kadi hiyo ijazwe siku ile ile ya kununua, na anayenunua cha mkono wa pili aiandikie kampuni akitaja namba ya chuma. Pia Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Barabara Kuu, ijulikanayo kwa herufi NHTSA, hutangaza kasoro hizo hadharani na hupokea malalamiko ya wananchi.

Wajibu wa mwenye chuma

Msaada wa mtengenezaji haumwondolei mwenye chuma wajibu wake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aweke risiti, namba ya chuma, tarehe za kukaza bolti na tarehe za kusafishwa. Bolti za bamba zikazwe kwa spana yenye kipimo, na zitazamwe tena baada ya safari ya kwanza. Akiona ufa au mpindo, asikichomelee mwenyewe. Moto hubadilisha ugumu wa chuma, na huweza kuibatilisha dhamana. Akiache kutumika, akipige picha, na aandike barua kwa kampuni akieleza mzigo aliokuwa akiuvuta na hali ilivyokuwa.

Kwa hapa kwetu

Anayevuta tela la mashua kutoka pwani, au gari bovu kwenda gereji, yuko chini ya kanuni zile zile. Asome uzito, asitumie nondo au bolti ya kuokota badala ya pini, afunge mnyororo wa pili, ahakikishe taa za nyuma zinawaka, na aoshe chumvi kwa maji baridi kila baada ya kazi. Afahamu kwamba chuma kikikatika, atakayepata madhara ya kwanza ni yule anayekuja nyuma kwa miguu, kwa baiskeli au kwa daladala, ambaye hakushauriwa wakati chuma kile kiliponunuliwa.